Jamii na Nyumbani: Hadithi Iliyokatika Njiani

Jumamosi moja alasiri, mwenye kibanda cha video katika eneo la Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alirudi kutoka Mbarara huku uso umemshuka. Watu waliokuwa wakimngoja mlangoni hawakumwuliza habari za safari, wala bei ya sukari mjini. Walimwuliza neno moja tu: "Umeipata?"

Walikuwa wakiulizia sehemu zilizobaki za tamthiliya moja ya kigeni, iliyotiwa maneno ya Kiswahili, ambayo walikuwa wameitazama jioni kwa jioni kwa muda wa majuma saba. Kisa chenyewe kilihusu askari aliyekwenda vitani akamwacha mkewe na binti yake mdogo. Miaka ikapita, barua zikakoma, na jamaa wakaanza kumshauri mke aolewe na mtu mwingine. Katika sehemu ya mwisho iliyofika Rubondo, mtu mwenye ndevu, mchovu, akichechemea mguu mmoja, alionekana akiikaribia nyumba wakati wa magharibi. Mkono wake ukagusa komeo la lango. Hapo picha ikasimama, majina ya wachezaji yakapita, na mambo yakaishia hapo.

Mwenye kibanda alikuwa ameahidi kuutafuta mwisho. Alipanda bodaboda, kisha gari la abiria, akafika Mbarara, akayazunguka maduka ya High Street na yale yaliyo karibu na soko kuu, kwa wale vijana wanaojaza filamu katika flashi. Wa kwanza hakuijua tamthiliya hiyo. Wa pili alimwuzia nyingine yenye jina linalofanana. Wa tatu alimwambia arudi baada ya mwezi. Wa nne ndiye aliyemweleza ukweli: sehemu hizo hazipo Mbarara, hazipo Kampala, wala hazipo huko ilikotengenezwa. Watengenezaji waliishiwa na fedha, wakafunga mizigo yao. Mwisho haukupata kupigwa picha.

Habari hiyo ilipotolewa, kibanda kizima kilizizima kwa manung'uniko. Konstebo mmoja aliyekuwa nje ya zamu alisema kwamba amedhulumiwa fedha zake za kiingilio cha majuma saba. Mzee mmoja wa Kirundi alitikisa kichwa, akasema kuwa haifai kumwalika mtu mezani kisha ukampa harufu. Mama mmoja, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, hakusema kitu. Alimtazama binti yake wa miaka tisa aliyeketi mkekani mbele kabisa, naye mtoto alikuwa amegeuka akimtazama yeye.

Pengine msomaji atauliza: je, jambo kama hili ni la kujaza ukurasa wa nyumbani? Hadithi za televisheni si ni za kupitisha wakati tu? Na atazame kwanza wanaozitazama ni akina nani, na wanazitazama wakiwa na mambo gani moyoni.

MAKAZI YA WATU WENGI

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao walipopokelewa kando ya Ziwa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Zamani eneo hilo lilihesabiwa katika Wilaya ya Mbarara. Leo limo katika Wilaya ya Isingiro. Rubondo ni mojawapo ya sehemu zake kubwa za utawala, pamoja na Juru na Base Camp. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na jumla yao inazidi laki moja.

Mchana kila mmoja hushughulika na jembe lake, duka lake au foleni yake. Jioni ndipo watu wanapokutana, na aghalabu wanapokutana huhitaji lugha moja. Mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili: kile cha Bukavu na Uvira, kile cha Bujumbura, na kile ambacho askari wa Uganda wamekitumia tangu enzi za King's African Rifles. Katika nchi ambayo iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, kibanda cha video ni darasa lake mojawapo, ingawa hakuna ubao wala chaki.

Kibanda chenyewe ni kuta za mbao au udongo, paa la bati, mabenchi, na televisheni inayotumia umeme wa jua au jenereta. Nchini Tanzania vibanda vya namna hii vimepewa jina la "vibanda umiza", na mtu aliyekaa saa tatu juu ya ubao wake hana haja ya kuelezwa sababu. Humo ndimo walimopatia sifa watafsiri wa filamu, watu wanaosimulia kwa lugha ya wenyeji yale yanayosemwa kwa lugha ya kigeni. Uganda huwaita ma-VJ. Kenya ilimjua DJ Afro, na Tanzania ilimjua Derek Mukandala, aliyevuma kwa jina la Lufufu. Hao walirithi kazi ya babu na bibi waliosimulia hadithi kando ya moto, tofauti ikiwa ni kwamba moto wa siku hizi una kioo.

KWA NINI HUKATIKA

Tamthiliya hukatika kwa sababu nyingi, na ya kwanza ni kifo. Wakenya kwa miongo kadhaa walikaa mbele ya kipindi cha Vitimbi kwa ajili ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang', alifariki dunia mwezi Julai 2015. Hapana aliyedai kwamba mzee huyo alicheza muda mfupi. Walakini siku alipozikwa, watu waliona kama kipindi kimeondolewa kabla ya wakati wake. Kumbe umapema wa jambo haupimwi kwa miaka.

Miaka mitano baadaye, tarehe 18 Julai 2020, alifariki Charles Bukeko wakati wa maradhi ya Uviko. Huyu ndiye aliyekuwa Papa Shirandula katika kipindi cha Citizen TV chenye jina hilo: mlinzi wa lango ambaye aliificha kazi yake kwa mkewe na watoto, akitoka nyumbani kama bwana mkubwa wa ofisini, kisha akibadilisha nguo na kuvaa sare ya ulinzi. Kipindi kilikuwa kimeonyeshwa kwa zaidi ya miaka 10, lakini hakikuendelea bila yeye. Nani angeweza kuvaa koti lile?

Sababu ya pili ni fedha. Kituo cha televisheni huuza matangazo ya biashara, na matangazo hufuata hesabu ya watazamaji. Huko Marekani, tamthiliya ya Star Trek, iliyohusu mabaharia wa anga, ilianza mwaka 1966 ikakomeshwa mwaka 1969 kwa kuwa watazamaji walihesabiwa kuwa wachache. Iliporudiwa na vituo vingine katika miaka iliyofuata, ikapata umati ambao haikuupata mwanzoni, na hadi leo visa vyake vinaendelezwa. Wasomaji walio katika jeshi la polisi watapenda kusikia juu ya Police Squad!, kichekesho cha mwaka 1982 kuhusu afisa wa upelelezi asiyejua kwamba yeye mwenyewe ni kichekesho. Kilionyeshwa sehemu 6 tu kikafutwa. Mkuu wa kituo alieleza kwamba kosa la kipindi hicho ni kwamba ilimbidi mtu akitazame kwa makini ili akifurahie. Mwaka 1988 watengenezaji wake walimfufua afisa yule yule katika sinema ya The Naked Gun, nayo ikaleta faida kubwa.

Sababu ya tatu ni mfadhili. Tamthiliya ya Tanzania iliyoitwa Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012, ilimfuata kijana mpiga picha aitwaye Cheche pamoja na majaribu ya ndoa yake. Ilitengenezwa kwa ustadi, kwa msaada wa fedha za Marekani zilizokusudiwa elimu ya afya. Baada ya misimu miwili haikuendelea. Kazi inayolipiwa na mradi hufuata kalenda ya mradi, hata kama watazamaji wangependa kujua mengi zaidi.

Sababu ya nne ni wachezaji wenyewe kuhama. Kundi la Kaole, lililoigiza katika televisheni ya ITV ya Dar es Salaam, ndilo lililowalea vijana kama Steven Kanumba na Vincent Kigosi. Soko la filamu za kuuzwa madukani liliposhamiri, vijana hao walilifuata. Kanumba naye akafariki ghafla mwezi Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28 tu, wakati nyota yake ikipanda.

Iko sababu ya tano, ambayo haiandikwi katika magazeti ya michezo na burudani: mara nyingine tamthiliya huendelea, bali mtazamaji ndiye anayekatika. Askari anatazama kisa kwenye bwalo, anapata amri ya kuhamia kituo kingine, na huko hakuna televisheni. Tangu mwezi Machi 2007, wakati majeshi ya Uganda yalipoanza kwenda Somalia kulinda amani, ni askari wangapi waliopanda ndege huku nyumbani wakiacha hadithi isiyokwisha? Mkimbizi naye yuko vivyo hivyo. Wako watu Rubondo wanaokumbuka vizuri jambo walilokuwa wakitazama Goma, Bujumbura au Uvira juma la mwisho kabla ya kukimbia, ingawa jina la kipindi wamelisahau. Tamthiliya yenyewe huenda ilikwisha salama kwa watu wengine. Wao walikuwa njiani.

Kwa hiyo konstebo alipolalamika kwamba amedhulumiwa, na mama wa Kivu aliponyamaza, hawakuwa wakiomboleza kitu kimoja.

Ni haki pia kuzitaja tamthiliya zilizoaga kwa adabu. M*A*S*H ya Marekani ilihusu madaktari na wauguzi wa hospitali ya jeshi katika Vita vya Korea. Vita vyenyewe vilipiganwa miaka 3, kuanzia 1950 hadi 1953. Tamthiliya ilidumu miaka 11, kuanzia 1972 hadi 1983. Sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 28 Februari 1983, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Watu waliokaa pamoja vitani walikunja mahema na kuagana, kila mmoja akashika njia ya kwao. Askari yeyote aliyewahi kuagana na kikosi chake ataelewa kwa nini jambo dogo hivyo liliwakusanya watu wengi hivyo.

VISA VICHACHE, NYUMBA NYINGI

Anayetazama tamthiliya kwa miaka kadhaa hugundua kwamba visa vyake si vingi. Nguo hubadilika, lugha hubadilika, lakini mti ni ule ule.

Upo ugomvi wa mavyaa na mkaza mwana. Kenya iliufanyia kipindi kizima, Mother-in-Law. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthiliya ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, juu ya mke kijana aitwaye Mao Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Wachina na Waswahili hawali chakula kimoja, lakini swali la nani mwenye jiko lile wanalielewa sawasawa.

Upo mwiba wa mume mwenye safari. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, uliwapa wananchi dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliyekuwa na mwanamke katika kila kituo, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani. Virusi vya Ukimwi vikampata Mkwaju. Wake wengi waliosikiliza hawakuhitaji daktari awaeleze zaidi.

Upo mkasa wa maskini katika nyumba ya tajiri. Tamthiliya ya Meksiko ya mwaka 1979, ambayo jina lake lina maana kwamba matajiri nao hulia, ilizunguka dunia nzima kwa kisa cha msichana fukara aliyeingia katika nyumba ya fahari, akamtoa mtoto wake mchanga kwa mtu mwingine, kisha akaishi akimtafuta.

Iko siri inayofichwa nyumbani. Hapa ndipo Papa Shirandula alipopata nguvu zake. Bila shaka wako walinzi na askari wengi waliocheka sana mbele ya kipindi kile, kisha wakanyamaza walipofika chumbani. Mtu aliyeshushwa cheo na hajamwambia mkewe, mtu aliyekopa akaweka kadi ya mshahara rehani, mtu anayelinda lango la mwingine usiku kucha huku kijijini wakidhani ni meneja: hao wote walijiona. Kichekesho kilichowachekesha kiliwauliza pia kwa nini kazi ya halali ifichwe kama wizi. Sare ya mlinzi imesomesha watoto wengi, na anayeiosha anastahili kuijua.

Mwisho, upo ule mkasa mkongwe kuliko yote: aliyepotea hurudi. Washairi wa Kiyunani waliusimulia yapata miaka 2700 iliyopita katika kisa cha Odysseus, mpiganaji aliyekaa mbali na nyumbani miaka 20. Aliporudi kwa sura ya mwombaji, mbwa wake mzee alimtambua kwanza. Kisha yaya aliyemlea alimtambua kwa kovu la mguuni alipokuwa akimwosha miguu. Mkewe hakuridhika upesi. Alimjaribu kwa siri ya kitanda chao, ambayo hakuna mgeni aliyeweza kuijua. Tamthiliya nyingi za leo zimekopa kovu lile, au zimelibadilisha kuwa pete, picha au wimbo wa kubembelezea mtoto.

Ni kwa sababu visa ni vichache kwamba mtazamaji hodari huweza kukisia mwisho kabla haujafika. Lakini kuna hatari ndani yake. Mtu akila chakula kimoja kila siku huanza kuamini kwamba duniani hakuna kingine. Mke aliyetazama mavyaa waovu ishirini atamwona wa ishirini na moja, yule wa kwake, kwa macho ya hao ishirini. Na mtoto aliyeona waliopotea wakirudi katika kila sehemu ya mwisho ataanza kuhesabu siku.

SWALI LA MTOTO

Jumamosi iliyofuata, mwenye kibanda hakuwa na kipindi kipya. Yule mzee wa Kirundi akatoa shauri. Aliwakumbusha wenzake kisa cha Alfu Lela Ulela, jinsi binti Shahrazad alivyokuwa akiikata hadithi kila kulipopambazuka ili mfalme asimwue mpaka asikie iliyobaki. "Kukatika kwa hadithi kulimwokoa," alisema. "Basi nasi tusilie. Kila anayetaka aseme mwisho wake."

Konstebo alianza. Kwa maoni yake, askari aliingia akakuta mkewe ameolewa na ndugu yake mwenyewe, na nyumba ina watoto wawili wasiomjua. Hakugombana. Alilala usiku mmoja, akaondoka alfajiri. Kibanda kilikaa kimya, maana watu walitambua kwamba konstebo hakubuni yote.

Mwanamke mmoja muuza samaki akapinga. Yeye alisema mke alimfungulia lango, akamletea maji akanawa, akampa chakula akala, na hakumwuliza neno lolote mpaka siku ya tatu. "Mwanamume aliyetoka vitani haulizwi siku ya kwanza," alisema, na baadhi ya wanawake waliitikia.

Mzee alitoa wa kwake mwisho kabisa. Alisema kwamba aliyegusa komeo hakuwa yule askari. Alikuwa rafiki yake wa kikosi, aliyekuja kuleta kofia yake na salamu za mwisho. Ndiyo maana mkono ulisita.

Binti wa miaka tisa alisikiliza miisho yote mitatu, naye hakuulizwa wa kwake. Njiani kurudi nyumbani alimwuliza mama yake, "Mama, ni yupi wa kweli?" Na kabla hajajibiwa, akaongeza: "Na Papa atakuja vipi?"

Baba wa mtoto huyu hakuwa askari. Alikuwa fundi cherehani. Siku walipokimbia, walitengana penye msongamano barabarani, naye hakuonekana tena. Tangu hapo haikuja habari ya uzima wala ya mauti.

Mama huyo alikuwa na majibu mawili mepesi. Akisema kwamba baba atakuja, mtoto angeshinda kando ya njia akitazama kila mtu anayechechemea. Akisema kwamba amekufa, angekuwa amemwua kwa kinywa chake mtu ambaye huenda anaishi. Miaka yote alikuwa ameahirisha, akimwambia mtoto alale. Safari hii aliketi juu ya jiwe kando ya shamba la mahindi, akamweka mtoto mbele yake.

"Ya televisheni," alisema, "aliyeitunga hakuimaliza, kwa hiyo kila mtu anaweza kuimaliza anavyotaka. Ya Papa haikutungwa na mtu. Hatuwezi kujitungia mwisho. Mimi sijui aliko. Nikijua lolote, zuri au baya, sitakuficha hata siku moja."

Mtoto akauliza kama wanaweza kumtafuta kama mwenye kibanda alivyoutafuta mwisho Mbarara. Mama hakuwa na jibu usiku ule, lakini swali lile halikumwacha alale.

Njia ipo, na inafaa kila familia iijue, ya mkimbizi na ya askari. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda, kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, huwasaidia watu waliotenganishwa na vita kutafuta jamaa zao, kupeleka ujumbe na kupiga simu, na kazi hiyo haidai malipo. Mtafutaji hueleza jina kamili la aliyepotea, majina ya wazazi wake, mahali alikozaliwa, mahali na wakati alipoonekana mara ya mwisho, na alama yoyote ya kumtambulisha. Juma lililofuata mama yule alikwenda. Alipoulizwa habari ya alama, alisema kwamba kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kina kovu la sindano ya cherehani. Mtoto alikuwa pamoja naye, na hilo la kovu alikuwa halijui. Alilirudia mara mbili njiani ili asilisahau.

Jibu halijafika. Huenda likachukua muda mrefu, na huenda lisifike. Lakini mtoto ameacha kwenda kukaa kando ya njia wakati wa magharibi, kama alivyokuwa ameanza kufanya, na sasa huuliza waziwazi anapotaka kuuliza.

NENO KWA WAZAZI

Swali kama hilo huulizwa pia katika nyumba za kambi za jeshi na mistari ya polisi. Baba yuko lindoni mbali, televisheni inaonyesha askari anayerudi au askari anayezikwa, na mtoto anageuka kumtazama mama. Mzazi asikimbilie kuzima televisheni, wala asimwambie mtoto kwamba hayo ni mambo ya filamu tu. Mtoto anajua kwamba ni filamu. Anachouliza ni habari ya nyumbani kwake.

Kwanza, afadhali watoto watazame pamoja na mtu mzima, ili swali linapozuka pawepo wa kuulizwa. Pili, mzazi aseme kile anachokijua na akiri kile asichokijua. Mtoto huvumilia kutojua kuliko anavyovumilia kudanganywa, kwa kuwa uongo hugunduliwa na baada yake haamini tena hata lililo kweli. Tatu, aliye mbali asimuliwe. Mke anayempigia mumewe simu kituoni akamweleza yaliyotokea katika sehemu aliyoikosa, na mume akambishia kuhusu nani mwenye makosa, wamekaa sebule moja kwa dakika hizo, ingawa kati yao kuna mipaka miwili. Na baba aliye mbali naye asione haya kumwuliza mtoto: "Kisa kilifika wapi?" Mtoto atakayeeleza kisa kilipofika ataeleza pia mengine.

Huko Rubondo, watu wamerudi mabenchini. Konstebo amesamehe kiingilio chake baada ya kuruhusiwa kuingia bure mara mbili. Mwenye kibanda naye amejifunza. Siku hizi, kabla hajanunua tamthiliya yoyote Mbarara, huuliza kwanza kama ina mwisho, na huomba aonyeshwe.